Zulia Jekundu Lisilopigwa Picha: Historia Fupi ya Kutabiri Tuzo na Mavazi, kutoka Vuga hadi Qantab

Kila mwaka klabu yetu ya Kiswahili hufanya shindano dogo ambalo walimu wetu wanalijua na hujifanya hawalijui. Kila mwanachama huandika kwenye karatasi majina ya filamu na waigizaji anaodhani watashinda tuzo za Oscar, huikunja karatasi yake na kuitia katika kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko. Siku ya pili kopo hufunguliwa. Aliyepatia mengi hununuliwa chakula na wenzake, na aliyekosea mengi husoma shairi mbele ya klabu. Siku hizi tumeongeza na kipengele cha mavazi: nani atapendeza kwenye zulia jekundu, na nani atasemwa.

Makala hii imetokana na shindano la mwaka 2025, ambalo sisi watatu tulishindwa. Tunaandika si kwa kujitetea, maana shairi tumeshalisoma. Tunaandika kwa sababu usiku ule tulikuwa Qantab, nyumbani kwa bibi yake mmoja wetu, na bibi alituuliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu lake. Swali hilo ndilo lililotupeleka katika historia.

Qantab ni kijiji cha wavuvi upande wa mashariki wa Maskati, baada ya Al Bustan na kabla ya Bandar Jissah. Barabara hupanda mlima kisha hushuka ghafla hadi pwani, na mashua zimepangwa juu ya mchanga. Bibi hakuzaliwa hapo. Alizaliwa Unguja, akaondoka mwaka 1964 akiwa msichana, akakaa Dubai miaka kadhaa, kisha akaingia Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Sasa anaishi Qantab kwa binti yake aliyeolewa huko. Kiarabu anakisema, lakini akihesabu fedha, akiomba dua au akikasirika, hurudi kwenye Kiswahili.

Sherehe ya Oscar ilikuwa jioni ya Jumapili tarehe 2 Machi huko Los Angeles. Kwetu ilikuwa Jumatatu, saa kumi ya alfajiri, katika siku za mwanzo za Ramadhani. Kwa hiyo tuliitazama huku tunakula daku. Bibi aliamka kwa ajili ya chakula, akatukuta tumeshika karatasi na kalamu kama watu wa kuhesabu kura.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnafanya nini na simu saa hizi, badala ya kula?"

Tukamweleza. Tukamwonyesha watu wanavyopita kwenye zulia, na mtangazaji anavyomwuliza kila mwanamke amevaa nguo ya nani. Bibi akaangalia kimya, akasema nguo nyingine nzuri lakini mwenyewe hawezi kuketi nayo. Kisha akauliza: "Na sisi tuliokuwa tukenda senema Vuga, nani aliandika tulivaa nini?"

Tulicheka kwanza. Baadaye hatukucheka.

Utabiri ulianzaje?

Tulidhani kutabiri washindi ni mchezo wa zamani kama tuzo zenyewe. Sivyo. Sherehe ya kwanza ya Oscar ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Hollywood Roosevelt. Ugawaji wa tuzo ulichukua kama dakika 15 tu, na washindi walikuwa wameshatangazwa miezi mitatu kabla. Hapakuwa na cha kutabiri. Watu walikuja kula, kupiga makofi na kurudi nyumbani.

Miaka iliyofuata majina yalianza kufichwa hadi usiku wa sherehe, ila magazeti yalipewa orodha mapema kwa ahadi ya kuichapisha saa tano ya usiku. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times halikusubiri. Lilitoa majina katika toleo lake la jioni, na wageni wakaweza kuyasoma wakiwa njiani kuelekea ukumbini. Tangu mwaka 1941 majina yamekuwa yakifungwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo mchezo wetu wote wa kopo la maziwa umetokana na gazeti moja kuvunja ahadi.

Usiku huohuo wa 1940 una habari nyingine. Hattie McDaniel alishinda tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa filamu ya Gone with the Wind, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Sherehe ilikuwa katika hoteli ya Ambassador, ambayo haikuwa ikiwapokea watu weusi kama wageni. Ilibidi aombewe ruhusa ili aingie, na akaketishwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa filamu ileile. Alivaa vizuri, na maua meupe kichwani. Picha yake ipo, kila mtu anaweza kuitazama, lakini picha ile haionyeshi meza aliyotoka. Hapo tulijifunza jambo la kwanza: nguo ya mshindi huonekana, masharti ya kuingia hayaonekani.

Zulia jekundu nalo lina safari yake. Katika tamthilia ya Kigiriki ya Agamemnon, iliyochezwa mwaka 458 kabla ya Kristo, mfalme anatandikiwa vitambaa vyekundu avikanyage anaporudi vitani, na yeye anaogopa kwa kuwa heshima hiyo ni ya miungu. Mfalme huyo hakufika mbali baada ya kuvikanyaga. Hollywood ilianza kulitandika zulia mwaka 1922, kwenye onyesho la kwanza la filamu ya Robin Hood katika jumba la Egyptian, na sherehe za Oscar zikalichukua mwaka 1961. Televisheni ilikuwa imeshaingia mwaka 1953, na mwaka 1966 sherehe ikaonyeshwa kwa rangi. Kabla ya hapo mtazamaji wa nyumbani aliona kijivu tu. Rangi ndiyo iliyofanya nguo kuwa habari.

Jumapili ya Vuga

Turudi kwa swali la bibi. Wakati Hollywood inatandika zulia lake mwaka 1961, Unguja ilikuwa imeshazoea senema kwa miaka mingi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza jinsi majumba ya sinema yalivyokuwa sehemu ya maisha ya miji ya Tanganyika na Zanzibar. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku kubwa. Watu walifurika, tikiti zikalanguliwa, na filamu za Kihindi ndizo zilizopendwa kupita zote. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliwaliza na kuwaimbisha watu ambao hawakujua neno la Kihindi.

Tulimwuliza bibi kuhusu Majestic ya Vuga. Alikumbuka mambo kwa mpangilio ambao mwalimu wetu wa historia asingeukubali: kwanza nguo, kisha njugu, kisha nani aligombana na nani, na mwisho kabisa jina la filamu.

Alituambia kwamba palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Fair naye ameyaandika. Wasichana na mama zao walitoka majumbani wamejifunika mabuibui, njia nzima nyeusi tupu. Wakishaingia ndani na mlango kufungwa, mabuibui yalivuliwa, na hapo ndipo nguo zilipoonekana: magauni mapya, hina, asumini kichwani, dhahabu za kuazima. Kabla taa hazijazimwa kila mtu alishageuka nyuma mara tatu kutazama. "Zulia letu lilikuwa ndani," bibi alisema. "Nje hukuona kitu."

Na utabiri ulikuwapo. Wiki nzima wasichana wa mtaa mmoja waliwekeana shilingi: nani Jumapili hii atakuja na mtindo mpya? Mashoga zake bibi walimlipia fundi cherehani tikiti ya onyesho la kawaida, aende kutazama gauni la steringi wa kike, alishike kichwani, kisha aje kulishona. Fundi alirudi analia kwa sababu ya filamu, na shingo ya gauni akaikosea. Wakamrudisha kwa tikiti ya pili.

Tulipenda sana kisa hiki, lakini tulipotaka kukiandika kama historia tukakwama. Picha iko wapi? Hakuna. Onyesho lilikuwa la wanawake tupu, na uzuri wake wote ulitokana na kwamba hapakuwa na mwanamume wala kamera. Fundi huyo ni nani? Bibi anakumbuka duka lilikokuwa, jina amelisahau. Kwenye zulia la Los Angeles kila nguo hutajwa mshonaji kabla ya mwenye kuivaa hajafika mlangoni. Nguo za Vuga zilishonwa na watu waliojulikana mtaani kuliko mawaziri, na leo hatuwezi kumtaja hata mmoja.

Wala haikuwa Unguja peke yake. Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vikundi vya wanawake vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa ngoma, kwa karamu na kwa mavazi. Mji mzima uligawanyika, na kila upande ulitabiri kuwa utaushinda wa pili. Kanga nazo, zilizoanza mwishoni mwa karne ya 19, zilifuatwa kwa hamu ileile: mtindo mpya ukitoka, aliyechelewa alijulikana. Watu wa pwani hawakungoja Hollywood iwafundishe kutazama nguo na kukisia mshindi.

Kanuni zetu na mtihani wa mwaka 2014

Sasa tuseme jinsi sisi tunavyotabiri, maana wanachama wapya huuliza. Tunayo kanuni moja kubwa: usiulize filamu gani ni nzuri, uliza nani anapiga kura. Wateule wa uigizaji huchaguliwa na waigizaji wenyewe walio wanachama wa Akademia, kisha wanachama wote humpigia kura mshindi. Waigizaji ndio kundi kubwa kuliko makundi mengine. Kwa hiyo tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani, SAG, ni dalili nzuri, kwa sababu baadhi ya wapiga kura ni walewale. Tuzo za Golden Globe hutolewa na watu wengine kabisa, hivyo tunazitazama kwa burudani.

Kanuni hiyo tuliijaribu kwa kurudi nyuma hadi mwaka 2014, mwaka ambao sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico na kukulia Kenya, aliteuliwa kuwa mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave. Mshindani wake mkubwa alikuwa Jennifer Lawrence wa American Hustle. Januari Lawrence alichukua Golden Globe. Siku chache baadaye Lupita akachukua SAG. Februari Lawrence akachukua tuzo ya Uingereza, BAFTA. Mtu aliyehesabu vikombe tu angeona Lawrence anaongoza. Mtu aliyeuliza nani anapiga kura angebaki na Lupita. Tarehe 2 Machi 2014 Lupita akashinda, akawaambia watoto wa kila mahali kwamba ndoto zao zina haki ya kuwapo.

Usiku ule alivaa gauni la Prada la buluu nyepesi, na akasema rangi ile inamkumbusha Nairobi. Mwaka uliofuata alirudi na gauni la Calvin Klein lililoshonewa lulu zipatazo 6,000. Gauni hilo likaibwa hotelini, na baada ya siku chache likapatikana. Tulipomsimulia bibi habari ya lulu, hakushangazwa na wizi. Alishangazwa na hesabu. Babu wa mumewe, alisema, aliishi wakati ambapo watu wa Ghuba walizama baharini kwa pumzi moja kutafuta lulu moja, kabla lulu za kufugwa za Wajapani hazijaiua biashara hiyo katika miaka ya 1930. Lulu 6,000 kwa mtu mmoja, kwa usiku mmoja! "Wazamiaji wangapi hao?" akauliza.

Mwaka huohuo wa 2014 Afrika Mashariki ilikuwa na mteule mwingine ambaye wengi wamemsahau. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyekulia Yemen na Marekani, aliteuliwa kwa filamu ya Captain Phillips. Filamu hiyo inasimulia meli iliyotekwa mwaka 2009 ikielekea Mombasa, na safari ile ilianzia Salalah, hapa kwetu Oman. Abdi alipata BAFTA, lakini Oscar ilikwenda kwa Jared Leto, ambaye BAFTA haikumteua hata kidogo. Leto ndiye aliyekuwa na SAG. Kanuni ilishinda mara mbili usiku mmoja, nasi tukaiamini kama msumari.

Ndiyo maana mwaka 2025 tuliandika jina la Demi Moore bila wasiwasi. Alikuwa na SAG. Mikey Madison wa Anora alikuwa na BAFTA. Saa moja na nusu ya asubuhi, jua limeshatoka juu ya bahari ya Qantab na sisi tunasinzia, bahasha ikafunguliwa: Mikey Madison. Kabla ya hapo tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ilikuwa imekwenda kwa Adrien Brody, ingawa SAG ilimpa Timothée Chalamet. Kanuni ileile iliyoshinda mara mbili mwaka 2014 ilianguka mara mbili tarehe ileile, miaka 11 baadaye.

Tulipoamka tukafikiri. Wapiga kura walewale si walewale tena. Mwaka 2015 na 2016 wateule wote 20 wa uigizaji walikuwa weupe, dunia ikapiga kelele, na Akademia ikaahidi kuongeza wanawake na watu wa makabila mengine. Iliwaalika pia wanachama wengi kutoka nje ya Marekani. Mwaka 2020 filamu ya Kikorea, Parasite, ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda tuzo ya filamu bora. Chama cha waigizaji wa Marekani hakiwezi tena kusema kwa niaba ya Akademia yenye wanachama Paris, Mumbai na Lagos. Tulikuwa tumeshika kanuni na kusahau historia iliyoizaa.

Hatukukosa yote. Tulipatia filamu bora, Anora, na tulipatia mavazi: Paul Tazewell kwa filamu ya Wicked, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo. Njia ilikuwa imefunguliwa na Ruth E. Carter, mwanamke mweusi wa kwanza kuishinda, mwaka 2019, kwa filamu ya Black Panther. Ndani ya mavazi yake mlikuwa na wekundu na shanga za Wamasai. Filamu nyingine nyingi za msimu ule, tukiri, si za kutazama na bibi, na hatukumwonyesha.

Kiswahili kwenye bahasha

Je, lugha yetu imewahi kufika ndani ya bahasha? Imefika, kwa njia za ajabu. Mwaka 1995 wimbo wa Hakuna Matata wa filamu ya The Lion King uliteuliwa kuwa wimbo bora. Ulishindwa na wimbo mwingine wa filamu hiyohiyo.

Mwaka 2018 ilifika kwa uzito zaidi. Watu Wote, filamu fupi iliyoongozwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa chuo cha Hamburg, na kuigizwa kwa Kiswahili na Kisomali, iliteuliwa katika filamu fupi bora. Inasimulia basi lililoshambuliwa karibu na Mandera Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo ili Wakristo wauawe. Ilikuwa imeshashinda tuzo ya wanafunzi ya Akademia mwaka 2017. Oscar yenyewe ilikwenda kwa The Silent Child. Wanafunzi kama sisi ndio walioitengeneza, na hilo lilitufanya tunyamaze kidogo.

Halafu ikaja Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, wengi wetu tumeisoma darasani. Amil Shivji aliigeuza filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka Oscar kushindania tuzo ya filamu ya kimataifa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania tangu ilipoipeleka Maangamizi mwaka 2001. Klabu nzima iliitabiria kuingia orodha ya filamu 15. Haikuingia. Tulikasirika, ingawa wengi wetu hatukuwa tumeiona.

Tulipoipata hatimaye, tuliitazama Qantab pamoja na bibi. Hadithi ni ya Unguja ya miaka ya 1950, ya Yasmin anayeikimbia ndoa asiyoitaka na Denge anayepigania uhuru dhidi ya Waingereza. Tulidhani bibi atafurahi kuona mji wake. Alifurahi robo saa. Alizitazama nguo kwa jicho la fundi, akasema wamejitahidi, ila hapanuki: hakuna udi wala asumini. Kisha akanyamaza. Njia moja ya Mji Mkongwe ilipopita, akaomba tuirudishe. Tukairudisha mara tatu.

Mwisho wa filamu mmoja wetu alisema Denge ni shujaa. Bibi akajibu taratibu: "Wenu ni shujaa, na haki yake. Mimi nawajua waliokuja baada ya hadithi hiyo kwisha." Hakuongeza. Mjukuu wake alitaka kubishana, kuhusu ukoloni, kuhusu watumwa, kuhusu nani alikuwa na mashamba na nani alikuwa na jembe tu. Ni maswali ya haki, na klabu yetu inayajua. Bibi hakukataa hata moja. Alisema tu kwamba kwenye onyesho lile la wanawake Majestic walikaa wote, Waarabu, Washirazi, Wahindi, Wangazija na Waswahili wa Ng'ambo, ingawa si kwa viti vya bei moja. Tukakumbuka meza ya Hattie McDaniel. Hata kwenye kumbukumbu tamu kulikuwa na viti vya mbele na vya nyuma, na bibi mwenyewe ndiye aliyetuambia bila kuulizwa.

Tuzo zetu na kazi yetu

Kuna zulia ambalo lingeweza kuzikusanya habari hizi zote. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa mwaka 1997 na kufanyika mara ya kwanza mwaka 1998, likijiita tamasha la nchi za majahazi, yaani pwani zote zilizounganishwa na upepo wa kaskazi na kusi, Oman ikiwamo. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Huonyeshwa Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Huku Maskati tamasha letu lilitoa Khanjari ya Dhahabu, na filamu ndefu ya kwanza ya Kiomani, ya Khalid al-Zadjali mwaka 2006, iliitwa Al-Boom, jina la aina ya jahazi. Wao wakatoa jahazi kuwa tuzo, sisi tukalipa filamu jina la jahazi. Hata kofia tunayovaa na kanzu zetu, kuma ya Kiomani iliyodariziwa kwa sindano, ni ndugu wa kofia ya viua ya Unguja.

Lakini kwenye karatasi zetu za utabiri hatukuwahi kuandika hata mara moja nani atapata Jahazi la Dhahabu. Tunawajua wapiga kura wa Los Angeles kwa makundi yao, na hatujui majaji wa Ngome Kongwe. Hilo ni kosa letu, na shairi letu la adhabu lilistahili kuwa refu zaidi.

Tumefikia hitimisho hili. Kutabiri si bahati tu. Ni kujua nani alikuwa ndani ya chumba, nani alibaki nje, na nani aliketishwa pembeni. Anayejua hayo hukosea kidogo, na akikosea hujua kwa nini. Mavazi nayo yanaeleza hayohayo, ila kwa sharti kwamba mtu ameyaandika. Zulia la Vuga halikupigwa picha. Waliolikanyaga sasa wana zaidi ya miaka 80, wametawanyika Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, Dubai na London, na kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo kwa klabu, na walimu wetu ni mashahidi. Mwakani kopo la maziwa libaki, lakini karatasi iwe na pande mbili. Upande mmoja, utabiri kama kawaida, pamoja na Jahazi la Dhahabu. Upande wa pili, kila mwanachama aandike nguo moja ambayo mzee wake mmoja aliivaa kwenda senema: rangi, kitambaa, mwaka kama unakumbukwa, jumba gani, filamu gani, na jina la fundi. Asiyekuwa na mzee wa kumwuliza atampata kwa jirani. Karatasi hizo hazitatupwa. Zitafungwa kitabu na kuwekwa maktaba.

Sisi tumeshaanza. Gauni la bibi lilikuwa la hariri ya rangi ya zabibu, shingo ya mraba, mikono mifupi iliyovimba, limeshonwa mara mbili kwa sababu ya kosa la shingo. Lilivaliwa Majestic, onyesho la wanawake, karibu na Sikukuu, mwaka 1959 au 1960. Jina la fundi bado tunalitafuta. Juzi bibi alitupigia simu kutoka Qantab, usiku, akasema amelikumbuka nusu: linaanzia na herufi F. Anayejua fundi wa Vuga au Kiponda ambaye jina lake linaanzia hivyo, tafadhali atuone baada ya mkutano.